Finalisti wetu na mlango wa Chuo Kikuu cha Serikali
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa mutueli ya waliorudi, Buleusa)



Sisi tunaotembea kijiji kwa kijiji pamoja na waliorudi, kuna swali moja tunalikuta karibu kila lupango: «Huyu mtoto akipata diplome, Chuo Kikuu cha Serikali kitamupokea?» Jibu letu: nafasi iko. Lakini inaweza kupotea mapema, hata mbele ya mtihani, na mara nyingi inapotelea ndani ya karatasi.

Tuanze na mtihani wenyewe. EXETAT iko tangu 1967, na ni ya nchi nzima. Mtoto akifikisha 50% amefaulu, na diplome inamupa haki ya kuomba nafasi UNIGOM kule Goma, UOR kule Butembo, ao UNIKIS kule Kisangani. Tunasema kuomba. Fakilte kama ya udaktari zinatazama asilimia na opsio, na zinaweza kuweka mtihani wa kuingia. Mwenye pedagojia na 52% asifikiri atasimama sawa na mwenye kemia-biolojia na 68%. Lakini asivunjike moyo: ISP nazo ni za Serikali, zinafundisha walimu, na vijiji vyetu vinalilia walimu.

Sasa dosie, na hapa ndipo sisi tuliokimbia tunaumia zaidi. Chuo kinaomba diplome ao atestasio ya kufaulu, buletini za miaka ya mwisho, atestasio ya kuzaliwa, ya tabia njema, ya afya, pamoja na foto. Mtoto aliyesoma mwaka mmoja hapa, mwingine kambini, mwingine kwa shangazi yake, buletini zake ziko wapi? Zingine ziliungua na nyumba. Zingine zilibaki shuleni sababu ya deni ya minervali.

Basi tusingoje. Mwende kwa prefe wa shule aliyosoma, hata kama shule ilihama, mumuombe duplikata. Kama rejista zilipotea, muulize inspeksio ao su-divizio ya elimu kama wako na palmaresi ya mwaka ule. Muhakikishe jina: kama buletini inaandika hivi na SERNIE inaandika vingine, mursahihishe sasa, si siku ya inskripsio. Na mtu akiwaambia iko na diplome ya kuuza, mumukimbie. Vyuo vinakagua diplome, na mtoto anaweza kufukuzwa akiwa amekwisha kula miaka na pesa zenu.

Kijana aliyeacha shule sababu ya vita naye asijihesabu kama amekufa kimasomo. Anaweza kujiandikisha kama otodidakti: anapita kwanza mtihani wa kuchuja, kisha anakaa na wengine kwa EXETAT.

Iko tena neno la pesa. Masomo ya bure yaliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi. Chuo cha Serikali kinalipwa, na juu yake kuna nyumba, chakula na safari. Mzazi anayetafuta mbuzi wa kuuza kisha matokeo kutoka, anauza kwa haraka na kwa bei ya chini. Na pesa ikiwa kidogo, tunajua nani anaambiwa abaki: ni binti, hata kama asilimia yake inapita ya kaka yake.

Kwa hiyo tunaomba mutueli mambo matatu. Moja, sekretere afungue dosie ya kila finalisti na aweke fotokopi za karatasi zake zote mahali pawili, si pamoja. Mbili, likelemba ya inskripsio ianze mwezi wa kwanza. Tatu, watoto wetu waliotangulia chuoni watume habari: tarehe, bei, opsio zinazopokelewa.

Tulirudi na tukajenga nyumba upya. Karatasi za watoto nazo ni nyumba. Tuanze na ile iliyo karibu: leo jioni kila mzazi atafute buletini ya mwaka jana.