Kompyuta ni Yako, Ufunguo ni wa Nani?



Ndugu msomaji, mada hii ilizungumzwa hapa Merti baada ya swala ya Alasiri, na tunakuletea kwa maandishi wewe ambaye hukuwahi kuwepo.

Wengi wetu hununua laptopu iliyokwisha tumika. Inatoka Nairobi hadi Isiolo mjini, kisha inapanda gari la huku kwetu na vumbi lake. Ukiiwasha siku ya kwanza, kabla hujaandika hata herufi moja, inakuuliza: mtandao uko wapi? Ukiunganisha, inauliza tena: akaunti yako ya Microsoft ni ipi? Hapo ndipo kijana anakwama. Bando ni dogo, barua pepe hana, ama anayo lakini paswadi ameisahau. Basi anaipeleka kwa jamaa wa saiba, naye jamaa kwa wema wake anaweka barua pepe yake mwenyewe. Kazi imekwisha, kila mtu anaenda zake.

Sasa tazama kilichofanyika hapo. Pesa umetoa wewe, lakini kwa upande wa Microsoft mwenye kompyuta ni yule jamaa. Na hili si neno la kukutisha bure. Kuanzia toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka mwaka 2024, laptopu nyingi zikiandaliwa upya kwa akaunti ya mtandaoni hufunga diski zenyewe, bila wewe kuambiwa kwa sauti. Ufunguo wake ni tarakimu 48, nao unawekwa ndani ya akaunti iliyotumika. Fundi akibadilisha kitu ndani, mashine inaweza kuamka siku moja ikidai zile tarakimu. Jamaa wa saiba amehamia Garissa na laini ameibadilisha. Daftari la michango ya chama, orodha ya mayatima, barua za basari, vyote vimo mle na havitoki. Usidanganywe kwamba kuna fundi wa kuivunja kufuli hiyo. Imetengenezwa isivunjike.

Sisi watu wa Waso tunajua kisima kina mwenyewe, na maji yana zamu. Lakini umeona wapi mtu anachimba kisima kwa jasho lake, kisha kila asubuhi anamwomba mpita njia ruhusa ya kuteka?

Zamani haikuwa hivi. Windows XP na Windows 7 uliandika jina lako tu ukaendelea. Windows 8 ya mwaka 2012 ndiyo iliyoanza kusukuma watu kwenye akaunti, ila ungeweza kuikwepa. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021, ile ya Home ikailazimisha, na mwaka 2022 ile ya Pro nayo ikafuata kwa matumizi ya mtu binafsi. Watu wakagundua mlango wa nyuma: ukifika pale pa kuunganisha mtandao, bonyeza Shift na F10 pamoja, dirisha jeusi litokee, andika oobe\bypassnro, kisha Enter. Mashine inajizima na kuwaka, na safari hii inakubali ukisema huna intaneti. Machi 2025 kampuni ikaanza kuuondoa mlango huo kwenye matoleo yake ya majaribio, na Oktoba 2025 ikatangaza kuziba na mingine. Kwa hivyo jaribu. Kama toleo lililomo ndani ni la zamani kidogo, bado linafunguka.

Likikataa, usivunjike moyo. Kama ni Pro, chagua kwamba kompyuta ni ya kazini au shuleni, kisha kwenye njia za kuingia chagua "Domain join instead". Itakuuliza jina na paswadi tu. Kama ni Home, fundi anaweza kuandaa flashi ya Windows kwa programu ya bure iitwayo Rufus, ambayo ina kisanduku cha kuondoa sharti la akaunti. Na kama hayo yote ni mbali, ingia kwa akaunti, lakini iwe yako wewe, si ya jamaa. Ukishaingia nenda kwenye Settings, halafu Accounts, halafu Your info, ubadilishe iwe akaunti ya humo humo ndani. Kabla ya kubadilisha, chukua zile tarakimu 48 kwenye akaunti yako uziandike kwenye karatasi. Karatasi, si ndani ya laptopu hiyo hiyo!

Kuna faida nyingine ambayo mfuko wako utaiona. Ukiwa na akaunti ile, OneDrive inaweza kuanza kupandisha nyaraka na picha zako mtandaoni. Nafasi ya bure ni GB 5 tu, na kinachopandisha ni bando lako. Picha za harusi moja zinatosha kulimaliza.

Mtu atauliza, je, akaunti haina kheri yoyote? Inayo. Laptopu ikiibwa, diski iliyofungwa haisomeki na mwizi, na ukisahau paswadi kuna njia ya kuirudisha. Akaunti ya ndani haina msaada huo, ila yale maswali matatu inayokuuliza mwanzo. Yajibu kwa makini. Mimi nasema mwenye barua pepe yake na simu yake isiyobadilika anaweza kuchagua apendavyo. Asiye nayo asiazimwe.

Laptopu kuukuu ambazo haziwezi Windows 11 ndizo nyingi huku, na Windows 10 ilikatiwa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Hizo mimi naziwekea Linux Mint. Haiulizi akaunti kabisa, inaingia kwenye flashi ya GB 8, na LibreOffice ya kuandikia imo tayari. Wanaozoea Word hulalamika wiki moja, kisha wananyamaza.

Na simu je? Android mpya inakuruhusu kuruka akaunti ya Google mwanzoni. Hatari iko kwa simu ya mkono wa pili: tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu ikifutwa kwa njia ya nguvu inadai akaunti ya mwenye kwanza. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako, simu ifutwe, uiwashe mwenyewe mpaka mwisho. Akisema atakutumia paswadi baadaye, mrudishie simu yake.