Shingo Isiyoacha Kuuma
Ndugu msikilizaji wa Mwandiga, shingo ina pingili 7, na ndizo zinazobeba dumu la mawese unalojitwisha hadi sokoni. Vidonge hutuliza, lakini ukirudia mzigo uleule, maumivu nayo yanarudi. Tafuta chanzo. Yanaanza ukiamka? Angalia mto. Jioni, baada ya kuinamia cherehani au simu? Inuka mara kwa mara, unyooshe mabega. Gawa mzigo, kanda kwa kitambaa cha maji ya moto, geuza shingo taratibu. Tafadhali, usikubali mtu akualishe shingo kwa nguvu.

Mkono ukifa ganzi au kulegea, au wewe mwenyewe ukikonda na kutokwa jasho usiku, nenda kituo cha afya: kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo. Homa kali na shingo imekakamaa? Hospitali ya Maweni, leo hii.