Nchi Jirani: Elimu ya Ushirika Ndiyo Msingi wa Nyumba

Mapema mwaka 2025 wananchi wa Kenya walipata habari nzito kuhusu fedha za ushirika wao. Ukaguzi maalumu wa mahesabu, uliofanywa na kampuni ya PwC katika muungano wa vyama vya akiba na mikopo vya nchi hiyo, yaani KUSCCO, ulionyesha kwamba shilingi za Kenya zipatazo bilioni 13.3 zilikuwa zimepotea. Muungano huo uliundwa mwaka 1973. Kwa muda wa nusu karne ulikuwa msemaji wa vyama hivyo, ukapokea amana zao, na ukaendesha pia mfuko wa mikopo ya nyumba. Nani alitenda nini ni jambo la vyombo vya sheria kuamua. Lakini liko swali moja ambalo haliwezi kungoja hukumu ya mahakama: fedha nyingi kiasi hicho hupotea vipi bila ya wenyewe kujua?

Swali hilo linawahusu hasa askari, wa jeshi na wa polisi. Mfanyakazi wa kiwandani akistaafu hurudi katika chumba kile kile alichopanga. Askari akistaafu hukabidhi sare, hukabidhi silaha, na hukabidhi pia nyumba ya kambini. Ikiwa katika miaka yote ya utumishi hakujiandalia pa kuishi, huanza uzee wake akiwa mpangaji. Nchini Kenya jambo hili lilikuwa la haraka zaidi mwezi Septemba mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba polisi watalipwa posho ya nyumba na kuishi miongoni mwa raia.

Ndiyo maana ushirika umekuwa na mizizi mirefu katika majeshi ya nchi jirani. Chama cha akiba na mikopo cha polisi wa Kenya kiliandikishwa mwaka 1972. Nchini Uganda, wanajeshi wanacho chama chao cha Wazalendo. Hapa Tanzania, askari polisi wanacho chama cha URA. Vyama vya namna hii hukata akiba katika mshahara wa mwanachama kila mwezi, na kutokana na akiba hiyo mwanachama hupata mkopo wa kununua kiwanja au kujenga. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijaa huhitaji mlinzi, na historia ya Kenya yaonyesha kwamba mlinzi huyo hawezi kuwa Serikali peke yake.

Chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1966, Kamishna wa Ushirika wa Kenya alikuwa na mamlaka makubwa. Vyama vilihitaji idhini yake katika mambo mengi ya fedha. Mwaka 1997 ilitungwa sheria mpya, na mamlaka hayo yakapunguzwa sana. Nia ilikuwa njema: ushirika ni mali ya wanachama, basi na wautawale wenyewe. Matokeo yake hayakuwa mema. Katika vyama vingi viongozi walikopa kupita kiasi, wakauza mali za chama, au wakakaa madarakani bila ya uchaguzi wa haki. Mwaka 2004 sheria ilibidi irekebishwe na usimamizi wa Serikali ukaimarishwa tena. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya pekee kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo, iliyounda chombo cha kuvisimamia.

Funzo la miaka hiyo ni wazi. Uhuru wa kujitawala uliwafikia wanachama kabla ya elimu ya kujitawala. Sheria ile ile ya 1997 ilikuwa imewapa silaha nyingi. Iliagiza kwamba kila mwanachama awe na kura moja tu, hata hisa zake ziwe nyingi kiasi gani. Iliagiza mkutano mkuu ufanyike katika miezi minne baada ya kwisha mwaka wa fedha, na mahesabu yaliyokaguliwa yaletwe mbele ya wanachama. Iliruhusu theluthi moja ya wanachama waliohudhuria mkutano na kupiga kura kumwomba Kamishna achunguze mambo ya chama. Iliruhusu pia kiongozi aliyefuja mali atozwe fedha hizo mwenyewe. Silaha zote hizo zilikuwamo ghalani, lakini wengi wa wenyewe hawakujua kwamba wanazo.

Jambo hili si geni katika historia ya ushirika. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, hawakugawana ziada yote. Baada ya miaka michache walikuwa wakitenga sehemu yake kwa ajili ya maktaba na masomo. Na Muungano wa Kimataifa wa Ushirika, ulipokutana Manchester mwaka 1995, uliitaja elimu kuwa kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika duniani. Elimu hiyo ni ya wanachama, ya viongozi wanaochaguliwa, na ya watumishi wanaoajiriwa.

Kenya yenyewe inao mfano mzuri wa kanuni hiyo. Mwaka 1979 uliundwa muungano wa vyama vya ushirika wa nyumba uitwao NACHU. Kazi yake si kutoa mikopo tu. Huwafunza wanachama, wengi wao wakiwa watu wa kipato kidogo, namna ya kuunda chama, kuweka akiba, kuchagua viongozi na kusimamia ujenzi. Mafunzo hayahesabiwi kuwa pambo la kazi. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Elimu inayohitajika si ya chuo kikuu. Ni ya mambo matatu. La kwanza ni masharti ya chama: nani ana uwezo wa kuidhinisha ununuzi, kiasi gani kiongozi anaweza kukopa, na uongozi hudumu kwa muda gani. La pili ni mahesabu. Mwanachama anapaswa kujua kutofautisha mapato na mali, kuuliza wadaiwa ni akina nani, na kulinganisha mahesabu ya mwaka huu na ya mwaka jana. La tatu ni ardhi. Kabla chama hakijalipa hata senti moja, yapasa kumbukumbu zipekuliwe katika ofisi ya ardhi, ijulikane mwenye hati ni nani na kama hati hiyo imewekwa rehani. Nchini Kenya, katika maeneo yaliyo chini ya bodi za kusimamia ardhi ya kilimo, uuzaji usio na kibali cha bodi ni batili. Mwanachama asiyejua hayo huonyeshwa shamba zuri, hupigwa picha mbele ya vigingi, na hurudi nyumbani akiamini kwamba amekwisha kuwa na kiwanja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini hata daftari halitoshi ikiwa hakuna wa kulisoma. Kiongozi mwovu haogopi daftari lililofungwa kabatini. Humwogopa mwanachama aliyelifungua.

Kwa askari, hata hivyo, iko shida moja ambayo haiwapati wakulima wa kahawa wala walimu. Askari amelelewa katika utii wa amri. Utii huo ni nguzo ya jeshi lolote, na pasipo utii vita haviendeshwi wala usalama haulindwi. Lakini mkutano mkuu wa ushirika si gwaride. Mbele ya kura, kanali ana kura moja na koplo ana kura moja. Inspekta na konstebo waliochanga akiba hiyo wana haki ile ile ya kuuliza fedha ziko wapi. Ikiwa mwenyekiti wa chama ni mkubwa wa kambi, na wanachama wakapitisha mahesabu yake kwa kupiga saluti, huo si ushirika tena. Ni amri iliyovaa nguo za ushirika.

Hapa ndipo utawala bora unapohitaji ujasiri wa pande mbili. Mdogo wa cheo hana budi ajifunze kuuliza kwa adabu na bila ya woga, akijua kwamba swali kuhusu fedha za chama si uasi. Mkubwa wa cheo naye hana budi ajifunze kujibu bila ya hasira, akijua kwamba nyota za mabegani huachwa nje ya mlango wa mkutano. Masharti yenye busara huwasaidia wote wawili: uchaguzi kwa kura ya siri, kamati ya usimamizi isiyo na mtu wa kamati ya uongozi, na mkaguzi wa mahesabu asiyechaguliwa na wale anaowakagua.

Shida nyingine ni uhamisho. Askari aliyejiunga na chama akiwa mjini huenda akawa mpakani wakati mkutano mkuu unapoitishwa. Kwa hiyo vyama vikubwa hutumia wajumbe. Njia hiyo yafaa, mradi mjumbe achaguliwe na wenzake wa kituo, apewe mahesabu mapema, na arudi kuwasomea yaliyoamuliwa. Mjumbe anayekwenda na posho na kurudi na ukimya hawakilishi mtu.

Wapo wanaosema kwamba semina hula fedha ambazo zingenunua saruji. Ni kweli kwamba semina ya hotelini, inayohudhuriwa na viongozi wale wale kila mwaka, ni upotevu. Lakini elimu haihitaji hoteli. Saa moja kwa mwezi katika bwalo la chakula, masharti ya chama yaliyochapishwa kwa Kiswahili chepesi, na karatasi ya mahesabu iliyobandikwa ubaoni yatosha kuanzia. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya kiwanja kimoja chenye hati ya bandia.

Yaliyotokea Kenya si sababu ya kuukimbia ushirika. Askari mmoja mmoja, kwa mshahara wake peke yake, atajenga kwa shida. Wakiungana, wanaweza kununua ardhi, kuweka maji na barabara, na kukopa kwa masharti nafuu. Lakini ushirika ni kama lindo. Haulindwi na ukuta wala na kufuli, bali na mtu aliye macho. Askari ajuaye kwamba halali akiwa zamu katika ghala ya taifa, asilale akiwa zamu katika mali yake mwenyewe.