Siku ya Nyerere Tujifunze Nini?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Maji ya Chai)



Mwenye noti ya shilingi 1,000 na aitoe. Tazameni ile picha. Huyo ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, Rais wa kwanza wa nchi yetu. Sasa tazameni sarafu ya shilingi 500. Huyo ni Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar. Kila tukienda sokoni tunawashika mkononi viongozi hawa wawili. Je, tunawajua?

Mtoto huuliza, "Mama, kesho hatuendi shule kwa nini?" Wengi wetu hujibu, "Ni sikukuu, ofisi zimefungwa." Basi, mambo yanaishia hapo. Lakini jibu hilo halitoshi. Siku ya kumkumbuka Rais ni siku ya kuuliza: alifanya kazi gani, aliacha nini, na sisi tunawapimaje viongozi wa leo? Anayejua jina tu la kiongozi ataishia kupiga makofi. Anayejua kazi yake anaweza kupima.

SIKU ZENYEWE

Tanzania tuna siku mbili za namna hii. Tarehe 7 Aprili tunamkumbuka Mzee Karume. Aliuawa kwa risasi siku hiyo mwaka 1972. Tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Nyerere. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akafariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.

Nchi nyingine nazo zina siku zao. Marekani wana sikukuu ya marais, Jumatatu ya tatu ya mwezi wa Februari. Ilianza kwa kumkumbuka George Washington, Rais wao wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1732. Wao wanakumbuka siku ya kuzaliwa, sisi tunakumbuka siku ya kufariki. Lakini kuna jambo moja linalofanana, nalo tutaliona mbele.

KIONGOZI HATOKI PEKE YAKE

Tusidhani uhuru uliletwa na mtu mmoja. Wazee wetu wa Meru walikuwa na sehemu yao. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Nyumba zilichomwa. Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakaandika malalamiko yao, wakamtuma Kirilo Japhet. Mwaka 1952 alifika New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza dhuluma ile.

Ardhi haikurudishwa papo hapo. Lakini dunia ilisikia, na Watanganyika wengi waliona kwamba inawezekana kudai haki kwa maneno na kwa maandishi. Mwaka 1955 Nyerere naye alikwenda Umoja wa Mataifa kwa niaba ya TANU. Njia ile ilikuwa imekwisha kukanyagwa na mtu wa huku kwetu. Kwa hiyo tunapomkumbuka Rais, tuwakumbuke na waliomtangulia.

MEMA YAKE

Mwalimu alifanya mengi. Sisi tutataja mawili yanayotugusa hasa.

La kwanza ni hili darasa letu. Mwaka 1967, kati ya kila watu wazima 100, kama 67 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu alisema nchi haiwezi kungoja watoto wakue ndipo iendelee. Lazima watu wazima wasome sasa. Mwaka 1970 ukawa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Watu walisoma chini ya miembe, makanisani, misikitini na viwandani. Mwaka 1986 hesabu ya serikali ilionyesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki kama 10 tu katika kila 100. Baadaye juhudi zilipopoa, idadi yao ilipanda tena. Kumbe elimu ni kama shamba la migomba. Ukiacha kupalilia, magugu yanarudi.

La pili ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lilizaliwa hapa jirani, mjini Arusha. Lilikataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha, au kuwa na hisa katika makampuni. Maana yake ni kwamba cheo ni dhamana, siyo mtaji. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991, lakini swali lake bado lipo: kiongozi huyu yupo kwa ajili yetu au kwa ajili ya tumbo lake?

MAKOSA NAYO TUYASEME

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa tupu hazimsaidii kiongozi aliye hai, wala hazimheshimu aliyekufa.

Mwaka 1973 serikali iliagiza watu wote wa vijijini wahamie katika vijiji vya pamoja kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu. Wengine nyumba zao zilichomwa moto, wakaacha mashamba yao. Ndugu, nyumba za Engare Nanyuki zilichomwa na mkoloni. Hizi zilichomwa na serikali yetu wenyewe. Lazima tuseme, maana asiyesema kosa hulirudia.

Tena mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa. Serikali za mitaa zilikuwa zimekwisha kuvunjwa kabla ya hapo. Mkulima akabaki hana chombo chake cha kumsemea. Baadaye Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuvunja vyombo hivyo lilikuwa kosa. Kiongozi anayekiri kosa anastahili heshima. Lakini hasara waliipata wakulima.

ALIONDOKA KITINI

Sasa tufike kwenye lile jambo linalofanana. George Washington alitawala vipindi viwili, kisha mwaka 1797 akarudi shambani kwake. Hakuna aliyemfukuza. Na Mwalimu, mwaka 1985, aliacha urais kwa hiari yake, akamkabidhi Mzee Ali Hassan Mwinyi, kisha akarudi Butiama kulima. Wakati ule marais wengi wa Afrika walitoka ikulu kwa mapinduzi au kwa jeneza.

Leo Katiba yetu inasema Rais anachaguliwa kwa miaka 5, wala hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Mzee Mwinyi aliondoka mwaka 1995, Mzee Mkapa mwaka 2005, Mzee Kikwete mwaka 2015. Rais Magufuli alipofariki mwezi Machi 2021, Makamu wake, Mama Samia Suluhu Hassan, aliapishwa kama Katiba inavyoagiza. Hapakuwa na bunduki wala ugomvi. Kiti ni cha wananchi. Anayekikalia amepewa kwa muda tu.

SISI TUFANYE NINI?

Tusiseme mambo ya marais yako mbali. Mwenyekiti wa kijiji naye amekalia kiti cha wananchi. Naye huchaguliwa kwa miaka 5. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji uitishwe kila miezi 3, na wananchi wasomewe mapato na matumizi. Zamani tulisomewa tukaitikia "ndiyo", maana karatasi ilikuwa kama giza kwetu. Leo tunajua kusoma. Tuiombe ile karatasi. Tuulize kwa adabu: fedha za mradi wa maji zilikuwa ngapi, zimetumika vipi, zimebaki ngapi? Kuuliza siyo ugomvi. Ndiyo kazi tuliyofundishiwa kusoma.

Basi, tarehe 14 Oktoba ikifika, tupumzike, ndiyo. Lakini jioni tukae na watoto tuwaeleze mambo haya, mema na makosa. Mtoto akiuliza tena, tusimjibu kwamba ofisi zimefungwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kirilo Japhet alitumwa wapi, na kwa sababu gani?
2. Taja jambo moja jema na kosa moja la wakati wa Mwalimu Nyerere. Lipi liliwagusa wazee wa nyumbani kwako?
3. Kwa nini ni vizuri kiongozi awe na muda maalumu wa kukaa kitini?
4. Mkutano mkuu wa mwisho wa kijiji chenu ulifanyika lini? Mlisomewa mapato na matumizi?