Sendika Chini ya Mkono wa Chama: Augustin Ntamagara na Mrengo wa Kushoto Burundi



Mada niliyopewa ni ushiriki wa viongozi wa sendika katika siasa za mrengo wa kushoto. Nitaipitia kwa mtu mmoja, Augustin Ntamagara, aliyeongoza Shirikisho la Wafanyakazi wa Burundi, FTB, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Vijana wengi wa pwani hii ya Kizuka, kwenye Ziwa Tanganyika, hawalijui jina lake. Ni hasara, maana swali linalowasumbua wakamuaji wa mawese na wavuvi wa ndagala leo, yaani nani awasemee na kwa idhini ya nani, yeye alikutana nalo kabla yetu.

Ntamagara hakutenga ujira na siasa. Chini ya Ubelgiji hilo lilikuwa na maana kamili: aliyepanga mshahara na aliyetunga sheria walikaa meza moja. FTB ikasimama na UPRONA, chama cha mpigania uhuru Louis Rwagasore, na Ntamagara akawa pia miongoni mwa vinara wa JNR, umoja wa vijana uliobeba jina la Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Nao ulikuwa wakati wa joto ziwa zima. Patrice Lumumba wa Kongo alikuwa ameuawa Januari mwaka huohuo. Mwaka 1964 China ilikuwa na ubalozi Bujumbura, na waasi wa Kongo waliutumia mji ule kama mlango wao. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka kutoka Kigoma akaingia milima ya Fizi huko Kongo, ileile tunayoiona kutoka ufukweni hapa anga likitakata. Kwa mtu wa ziwa hili, siasa za kushoto hazikuwa habari za vitabuni. Zilipita na mitumbwi.

Basi siwezi kumlaumu Ntamagara kwa kuwa wa kushoto. Ninalolipinga ni jambo jingine, na lina jina: Kamenge.

Januari 1962, miezi michache kabla ya uhuru, wanamgambo wa JNR walivamia mtaa wa Kamenge, Bujumbura. Nyumba zilichomwa. Viongozi wa sendika za Kikristo waliuawa, akiwemo Jean Nduwabike. Walikuwa Wahutu, walikuwa watetezi wa wafanyakazi, na kosa lao ni kusimama upande mwingine wa siasa. Waliojiita wapiganaji wa wanyonge waliwaua watetezi wa wanyonge. Kutoka hapo ufa wa kikabila ndani ya UPRONA ulizidi kupanuka, na kila mtu katika chumba hiki anajua ulifika wapi. Rumonge yetu iliuonja katika mauaji ya mwaka 1972.

Hoja yangu si nani alitoa amri Kamenge. Ni kwamba kiongozi wa wafanyakazi akiwa papo hapo kinara wa vijana wa chama, hana tena mkono wa kumkinga mfanyakazi wa chama kingine. Mkono huo ameshauazima.

Na aliowakopesha mkono huo hawakumlindia chake. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe aliuawa tarehe 15 Januari 1965. Mwezi huohuo uhusiano na China ulisitishwa, na mrengo wa kushoto ukaandamwa. Novemba 1966 UPRONA ikawa chama pekee, kisha mwanajeshi Michel Micombero akatwaa nchi. Mwaka 1967 ikaundwa UTB, sendika moja ya taifa, tawi la chama. Mfanyakazi aliyedhulumiwa na serikali akawa anapeleka malalamiko yake kwa serikali ileile.

Nchi jirani ya Tanganyika ilifika hapo kwa njia fupi zaidi. Mwaka 1964 shirikisho la sendika, TFL, lilivunjwa, NUTA ikaundwa kuwa sendika moja ya taifa, na katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Ujamaa haukuyazuia hayo.

Je, kulikuwa na njia nyingine? Ilikuwepo, Nairobi. Makhan Singh alikiri hadharani kuwa mkomunisti. Lakini sendika aliyoianzisha mwaka 1935 ilifungua mlango kwa watu wa rangi zote, na mwaka 1949, pamoja na Fred Kubai, aliunda shirikisho la Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai uhuru kamili. Mwezi uliofuata alikamatwa, akakaa kizuizini zaidi ya miaka kumi na moja. Namheshimu kwa sababu imani yake ilimfanya aongeze watu ndani ya sendika, na bei aliilipa mwenyewe.

Tangu Burundi irudi kwenye vyama vingi mwaka 1992, na mkataba wa 87 wa Shirika la Kazi Duniani, wa uhuru wa kujiunga, kuridhiwa mwaka 1993, sheria inaturuhusu kujiunga tupendavyo. COSYBU, shirikisho la sendika, ilizaliwa mwaka 1995. Lakini anayepanda mchikichi kwa kibarua, na kijana anayevuta nyavu usiku kwa fungu la samaki, wengi wao hawana mkataba wala kadi ya sendika yoyote.

Kwa hiyo naleta pendekezo ambalo naomba tulijadili mchana huu. Chama chochote cha wafanyakazi kitakachoundwa hapa Kizuka kiandike katika katiba yake kwamba kiongozi ana haki ya kuwa na siasa yake, ya kushoto au nyingine, ila hatashika cheo katika chama cha siasa wala katika umoja wake wa vijana, na daftari la michango lisomwe mbele ya wanachama wote kila mwisho wa mwezi.