Uongozi ni Amana: Imani na Kusudi katika Uongozi wa Wanawake

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya hekalu letu



Naishukuru kamati kwa heshima ya kusema mbele yenu. Mimi ni mfanyabiashara, si mwanachuoni. Elimu yangu ilikomea sekondari; mengine nimefunzwa na kaunta ya duka na daftari la hesabu. Kwa hiyo nitalieleza jambo hili kama mtu wa daftari, kwa kuuliza swali moja: mali hii ni ya nani, na aliyeishika ameishika kwa ajili ya nani?

Sisi Wahindu twamwomba Lakshmi atujalie riziki, Saraswati atujalie elimu, na Durga atujalie nguvu. Hazina, shule na ulinzi, vyote tumeviweka mikononi mwa Mama. Yafaa basi tutazame jinsi wanawake wa kweli, wenye damu na machozi kama sisi, walivyoishika amana hiyo.

Wa kwanza ni Ahilyabai Holkar, aliyezaliwa mwaka 1725 katika kijiji cha Chondi, nchi ya Maharashtra. Baba yake alikuwa mkuu wa kijiji, naye alimfundisha kusoma na kuandika wakati ambapo wasichana wachache walipata bahati hiyo. Aliolewa katika ukoo wa Holkar, watawala wa Malwa. Mwaka 1754 mumewe, Khanderao, aliuawa vitani. Ahilyabai alitaka kuingia katika moto wa maziko pamoja naye, kama ilivyokuwa desturi ya baadhi ya koo kubwa. Mkwewe, mzee Malhar Rao, alimsihi asifanye hivyo. Zaidi ya kumsihi, alimfunza kazi za utawala na kumkabidhi mambo mazito ya dola.

Malhar Rao alifariki mwaka 1766, na mwaka uliofuata akafa mwana wa kiume wa pekee wa Ahilyabai. Mama huyu alikuwa amezika mume, mkwe na mwana. Wapo waliodhani kiti kimebaki wazi, na jeshi likaanza kusogea. Yeye alijiandaa kwa vita, huku akipeleka ujumbe wa kumkumbusha adui kwamba kumshinda mjane hakutamletea sifa, na kushindwa naye kutamletea aibu ya milele. Jeshi likarudi bila vita. Akatawala hadi alipofariki mwaka 1795, karibu miaka 28, akikaa Maheshwar kando ya mto Narmada na kuwasikiliza raia barazani bila pazia. Wafumaji aliowaita mjini humo walianzisha kazi ya sari ambayo mpaka leo yawalisha watu wa Maheshwar.

Sisi wenye asili ya Gujarat tuna deni kwake. Hekalu la Somnath, lililobomolewa mara nyingi, lilipata nyumba mpya ya ibada mwaka 1783 kwa juhudi zake. Na miaka michache kabla yake, 1780, alikuwa amelijenga upya hekalu la Kashi Vishwanath kule Varanasi. Alichimba visima, akajenga ngazi za mtoni na nyumba za kulala mahujaji, hata nje ya mipaka ya nchi yake. Mimi kama mtu wa hesabu nalipenda hili zaidi: fedha za sadaka hizo alizitoa katika mfuko wake binafsi. Hazina ya dola aliitenga, kwa kuwa ilikuwa mali ya raia. Imani yake ilionekana katika mawe ya hekalu, na ilionekana pia katika daftari.

Huenda mtu akasema, huyo alikuwa malkia, alizikuta mali. Basi na tuwatazame wasio na kitu. Tarehe 15 Machi 1959, wanawake saba Wagujarati walikutana juu ya paa la jengo walimoishi huko Girgaum, Bombay. Walikuwa na rupia 80 za mkopo na ujuzi mmoja, kutengeneza papadi. Siku hiyo walipata pakiti nne. Leo jumuiya yao, Lijjat, ina wanawake zaidi ya 40,000, na kila mmoja ni mwenye mali, si kibarua. Huitana dada, hugawana faida na hasara, na tangu mwanzo walikataa kupokea misaada ya hisani. Wenyewe wanasema jumuiya yao ni biashara, ni familia na ni ibada. Mwaka 2021 Jaswantiben Popat, mmoja wa wale saba, alitunukiwa nishani ya Padma Shri.

Ndugu zangu, malkia na wasukuma papadi wamekutana mahali pamoja. Wote waliona kwamba walichokishika si chao peke yao. Hiyo ndiyo kazi ya imani katika uongozi: humkumbusha kiongozi kuwa yuko Mwenye mali aliye juu yake, na wapo wanaomtegemea chini yake. Majirani zetu Waislamu na Wakristo wanalijua fundisho hili vizuri, na neno la Kiswahili *amana* latutosha sote.

Sasa nirudi nyumbani. Katika mikesha tisa ya Navratri, akina mama wa hekalu hili hupika prasadi ya mamia ya watu. Wanajua unga ulionunuliwa, samli iliyobaki na senti iliyotumika. Lakini wakihitaji sufuria mpya, hupeleka ombi katika kikao ambacho hawana kiti. Katiba yetu haina neno hata moja la kuwazuia. Kinachowazuia ni mazoea.

Najua wapo watakaosema kwamba hiyo ndiyo mila. Mimi nawajibu kwa heshima: Malhar Rao alikuwa mtu wa mila kuliko sisi sote, naye alimvuta mkwewe kutoka motoni akamkalisha kwenye baraza.

Kwa hiyo naleta pendekezo. Katika mkutano mkuu ujao, tuwachague akina mama katika bodi ya wadhamini, wala si kwa kiti cha pambo. Na mmoja wao akabidhiwe uweka hazina. Vitabu vyao vya jikoni vimekwisha kufanya mtihani na kufaulu.

Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Hekalu hili ni mwana wetu sote.

Mungu awabariki nyote, atubarikie na mji wetu. Jai Shri Krishna.