Familia Takatifu na Mtoto Anayengojewa



Wapendwa wasikilizaji, leo Mama Kanisa anaadhimisha sikukuu ya Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu. Noeli imepita siku chache tu. Shule zimefungwa, na watoto wako nyumbani mchana kutwa. Wengine wamesafiri na wazazi wao kwenda kwa babu na bibi, wanalala watano katika mkeka mmoja. Nguo za sikukuu zimekwisha kuchafuka, pilau imeliwa, na mama wa nyumba amechoka kuliko alivyokuwa kabla ya likizo. Tunawasalimu wote walio katika hali hiyo, maana ndiyo hali ya nyumba yenye uhai.

Lakini leo twapenda kuzitazama nyumba chache ambazo zimeadhimisha Noeli kwa namna ya pekee. Ndani yake wamo watoto wadogo wanaocheza na kugombana kama watoto wote. Na pamoja nao yuko mwingine ambaye bado hajafika. Baba na mama wameomba kuasili mtoto asiye na wa kumlea. Wamekwisha kumwona afisa ustawi wa jamii, wamejaza fomu, wamehojiwa, nyumba yao imekaguliwa. Sasa wanangoja. Na kungoja huko kumeangukia katika sikukuu, wakati ofisi zimefungwa na majalada yamelala kabatini, huku kila mgeni anayeingia akiuliza, “Vipi, bado tu?”

Huenda mtu akasema: jambo la watu wachache namna hii lina haja gani ya kuzungumzwa siku ya Dominika? Twajibu kwamba lina haja kubwa. Nyumba hizo chache zinatukumbusha jinsi Familia Takatifu ilivyojengwa, na jinsi sisi wenyewe tulivyoingia katika nyumba ya Mungu.

Katika Injili tuliyoisikia, Mathayo anatusimulia jinsi Yosefu alivyoamka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri. Mwinjili amekwisha kutueleza katika sura ya kwanza kwamba mtoto huyo hakutokana na Yosefu. Hata hivyo, ni Yosefu aliyeagizwa kumpa jina, naye akampa. Katika desturi ya Wayahudi, mwanamume aliyempa mtoto jina alimkiri mbele ya watu kuwa ni mwanawe. Kwa njia hiyo Yesu akahesabiwa katika ukoo wa Daudi. Tazameni basi: orodha ile ndefu ya mababa, inayoanza kwa Abrahamu, mwisho wake hauunganishwi na damu. Unaunganishwa na mtu mwadilifu aliyekubali.

Mwinjili Luka naye anataja jambo ambalo tunalisikia kila Noeli bila kulitafakari. Anasema kwamba Yesu alizaliwa siku za Kaisari Augusto, yule aliyeamuru watu waandikwe. Historia ya Roma inatuambia kwamba Augusto hakuwa mwana wa kuzaliwa wa Julius Caesar. Alikuwa mjukuu wa dada yake, na Caesar alimfanya kuwa mwanawe kwa wosia uliojulikana baada ya kuuawa kwake mwaka 44 kabla ya Kristo. Tiberio, aliyetawala wakati Yohane Mbatizaji alipoanza kuhubiri, naye aliasiliwa na Augusto mwaka 4 baada ya Kristo. Kwa hiyo Mtume Paulo alipowaandikia Warumi na Wagalatia kwamba Mungu ametuasili tukawa wanawe, wasomaji wake hawakudhani kwamba anazungumza juu ya mtoto wa nusu. Walijua kwamba mtoto wa namna hiyo hurithi jina, hurithi mali, na aweza kurithi hata kiti cha enzi.

Wapendwa, sisi sote tuliobatizwa tu watoto wa namna hiyo. Mungu Baba anaye Mwana mmoja wa pekee tangu milele. Sisi wengine tumeingizwa nyumbani kwa neema. Na Mwana huyo wa pekee hakutuonea wivu. Hakusema, “Baba, sitoshi mimi?” Ndiye aliyetoka nje kututafuta, ndiye aliyetushika mkono na kutuingiza ndani. Fumbo la Noeli ni hilo: Mzaliwa wa kwanza amekuja kuwachukua ndugu zake.

Tukiyashika hayo, twaweza kuingia katika nyumba inayongoja na kuona kazi iliyomo. Tunaifahamu familia moja yenye watoto wawili, msichana wa miaka saba na mvulana wa miaka minne. Walikuwa katika mwaka wa pili wa kungoja. Mkesha wa Noeli yule mdogo alipewa biskuti mbili. Moja akala, ya pili akaificha nyuma ya pango walilolitengeneza kwa udongo na majani ya mgomba. Alipoulizwa, akasema ni ya mdogo wake atakapokuja. Asubuhi sisimizi walikuwa wameimaliza, naye akalia kwa uchungu. Mama yake hakumwambia anyamaze, wala hakumdanganya kwamba mdogo wake alipita usiku akaila. Alimpakata, akamwambia, “Bado hajafika, mwanangu. Siku yenyewe hatuijui. Hata mimi moyo unaniuma.”

Dada mtu alikuwa na swali zito zaidi. Kwa miezi mingi aliwasikia wazazi wake wakizungumza juu ya barua, mahojiano na tarehe. Siku moja ya likizo akamwuliza baba yake, “Mnatafuta mtoto mwingine kwa sababu sisi hatutoshi?” Baba huyo alinyamaza kidogo, akamjibu kwamba mapenzi si chakula kinachopungua kwa kuongezeka sahani. Lakini aliona kwamba jibu la mdomo halitoshi. Kesho yake aliiacha simu chumbani, akaenda na watoto wote wawili shambani kupanda mahindi, kwa maana mvua zilikuwa zimeanza. Walirudi jioni wamejaa tope. Yule msichana hakuuliza tena.

Kutokana na nyumba hiyo twajifunza mambo mawili. La kwanza, watoto wadogo waambiwe ukweli kwa kipimo chao. Tukiwaahidi kwamba mdogo wao atafika kabla ya Noeli, naye asifike, tunawafundisha kwamba neno la baba na mama haliaminiki. Afadhali kusema, “Tunangoja, tunaomba, hatujui lini.” Maneno hayo mtoto ayaweza. La pili, mtoto asiyekuwapo asimfukuze aliyepo. Kila saa tunayoitumia kuhesabu siku huku watoto wetu wakicheza peke yao, ni saa iliyopotea kwa wote. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Wakolosai, anawaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao, wasije wakakata tamaa. Mtoto hukata tamaa si kwa kipigo tu. Hukata tamaa pia akiona macho ya wazazi wake yako mbali daima. Kinyume chake, mtoto aliyeshibishwa upendo wakati wa kungoja ndiye atakayekuwa tayari kumshika mkono mgeni na kumwonyesha kilipo kitanda chake. Naye atafanana na Kristo, Mzaliwa wa kwanza.

Sasa tuseme neno kwa jamaa na majirani. Sikukuu hukusanya ukoo, na ukoo ukikusanyika hutoa maneno. “Mna watoto wenu, wa wengine wa nini?” “Damu ni nzito kuliko maji.” “Mnajua asili yake?” Maneno haya husemwa mbele ya watoto, nao huyaweka moyoni. Kesho mtoto mgeni akifika atayasikia kwao uani. Wahenga wetu hawakuwa wajinga waliposema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Tena tangu zamani koo zetu zimelea watoto wa ndugu waliofariki, wala hakuna aliyeuliza sahani yao inatoka wapi. Anayekwenda mahakamani kuasili mtoto anaongeza jambo moja: anataka mtoto huyo awe na jina na haki ambazo hakuna mjomba atakayemnyang’anya siku ya msiba.

Liko neno gumu zaidi, nalo ni kwa wazazi wenyewe wanaongoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, pamoja na Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009, vinadai kwamba manufaa ya mtoto yatangulizwe. Ndiyo maana maofisa hutafuta kwanza kama mtoto anaye bibi, shangazi au mjomba awezaye kumlea. Upekuzi huo huchukua muda, na mara nyingine jamaa hupatikana. Yaweza kutokea kwamba mtoto mliyekwisha kumwekea kitanda anapelekwa kwa bibi yake mzaa mama. Siku hiyo mtalia, nanyi mna haki ya kulia. Hata hivyo jiulizeni: tulikuwa tukingoja kwa ajili ya nani? Kama tulingoja ili nyumba yetu ijae, tumeshindwa. Kama tulingoja ili mtoto mmoja apate mikono ya kumpokea, basi ameipata, na sala zetu hazikuanguka chini.

Kitabu cha Kutoka chatusimulia juu ya Musa. Mama yake alimweka katika kisafina cha mafunjo kandokando ya mto; binti Farao akamwona, akamhurumia. Mama yule yule akaitwa kumnyonyesha, kisha akamkabidhi kwa binti Farao, akawa mwanawe. Mungu alimwokoa mtoto mmoja kwa mikono ya wanawake wawili. Kwa hiyo, mtoto akifika nyumbani mwenu, msimseme vibaya mama aliyemzaa, hata kama alimwacha njiani. Hamjui usiku alioupitia. Mwombeeni pamoja na watoto wenu kila jioni, na mtoto atakapouliza, mwambieni kwamba mama huyo huombewa nyumbani humu.

Enyi makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, nanyi mna sehemu yenu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 110, inasema kwamba watoto walioasiliwa kadiri ya sheria ya serikali huhesabiwa kuwa watoto wa wale waliowaasili. Kanuni ya 877 inaagiza majina ya wazazi hao yaandikwe katika kitabu cha ubatizo. Basi mtoto wa namna hiyo asiitwe kwa jina la pembeni katika darasa la Komunyo ya Kwanza, wala asitambulishwe kanisani kama “yule waliyemchukua.” Na wakati familia ingali inangoja, jumuiya isiende kuuliza habari tu. Iende na mkono wake. Mwanajumuiya mmoja awachukue watoto mchana mzima, ili wazazi wapate kwenda ofisini bila wasiwasi. Mwingine alete kitanda kidogo kilichoachwa na wanawe. Wote waiweke familia hiyo katika sala za Jumamosi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa mwaka 2016 juu ya furaha ya upendo, alifundisha kwamba kuasili mtoto ni tendo la upendo, la kumpa zawadi ya familia yule asiye nayo. Tena alitaka sheria zirahisishe njia hiyo. Twawaomba hivyo wote wenye kalamu na mihuri mikononi mwao, wengi wao wakiwa waamini wenzetu: uchunguzi wenu ni wa lazima, maana unamlinda mtoto, lakini jalada linalolala bila sababu ni mtoto anayelala bila mzazi. Mkirudi kazini baada ya sikukuu, lifungueni mapema.

Na ninyi mnaongoja, msione haya kwamba Majilio yenu hayakwisha tarehe 25 Desemba. Hana, mama yake Samweli, kila mwaka alimshonea mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea hekaluni, ingawa hakuishi naye. Alimpenda kwa sindano na uzi. Nanyi mpendeni mtoto wenu msiyemwona kwa kazi za nyumba yenu: kwa kuwaogesha waliopo, kwa kuwasimulia hadithi, kwa kusameheana mnapochoka, kwa kusali pamoja kabla ya kulala. Hizo ndizo kanzu anazoshonewa. Nyumba iliyozoea mambo hayo itamfaa siku yoyote atakayofika. Na kama Mungu amempangia nyumba nyingine, itawafaa wale waliomo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetufanya wanao katika Mwanao wa pekee, uwaangalie watoto wote wasio na wa kuwaita baba na mama. Uzitie nguvu familia zinazowangoja, uzipe subira na furaha, uwalinde watoto wadogo waliomo. Kwa maombezi ya Bikira Maria na ya Mtakatifu Yosefu, ufungue milango iliyofungwa. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.